MJADALA: Bwawa la Nyerere limekamilika. Jua la Dodoma na upepo wa Singida vya nini tena?

Mwanzisha mada, Chamwino

Mbukwenyi, wana kanda ya kati. Kwenye kikao cha kijiji mzee wetu mmoja alisimama akasema umeme sasa ni wa kumwaga, Bwawa la Nyerere kule Mto Rufiji lina mitambo tisa, megawati 2,115, kwa hiyo mashamba ya sola na minara ya upepo ni kutupa hela. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Umeme wa maji siupingi hata kidogo. Ila tumwangalie jirani yetu, Bwawa la Mtera. Mitambo yake ni ya megawati 80 tu, lakini maji inayoyatunza ndiyo yanayozungusha mitambo ya bwawa la Kidatu, megawati 204, kisha yanateremka kuingia Rufiji na kufika Bwawa la Nyerere. Mto Ruaha Mkuu mmoja, kazi mara tatu. Mwaka 2011 Mtera ilipopungukiwa maji, mgao tuliuonja wote.

Sasa hesabu miezi. Kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo mito inanywea, na hicho ndicho kipindi ambacho jua la Dodoma halina wingu na upepo wa Singida unasukuma mtu njiani. Mchana jua lifanye kazi, maji yakae bwawani. Jioni watu wakirudi nyumbani, taa na pasi zikiwaka, mitambo ya maji ifunguliwe. Hapo bwawa lenyewe ndilo betri, na tayari tumelilipia.

Fundi umeme, Nkuhungu

Kaka, kwa heshima, umeikuza Mtera. Maji mengi ya Rufiji yanatoka Mto Kilombero, si Ruaha. Na mimi ninayepanda nguzo nakwambia: umeme ukikatika mtaani kwetu, si kwamba bwawa limekauka. Nguzo imelala, au transfoma imezidiwa mzigo kwa sababu mji umekua kuliko laini. Megawati zipo, njia ya kuzifikisha ndiyo mbovu. Hela ya paneli ipelekwe huko kwanza.

Mwenye mashine ya kusaga, Kibaigwa

Fundi, kwenye nguzo nakuunga mkono. Msimu wa mavuno umeme ukiyumba nawasha dizeli, na faida yote inaishia kwenye dizeli. Lakini hiyo ziada mnayoisema ni ya leo. Mkakati wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania waache kuni na mkaa ifikapo 2034. Treni ya SGR inakula umeme kutoka Dar hadi hapa Dodoma. Sisi akina mama tukianza kupikia majiko ya umeme, mtaiona hiyo ziada?

Mwanzisha mada, Chamwino

Fundi, la Kilombero nimelikubali, umenirekebisha. Lakini Kilombero nako wanasubiri mvua ileile ya msimu mmoja, kwa hiyo hofu yangu iko palepale.

Kuhusu laini, Singida si porini. Njia kuu ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga inapita Dodoma na Singida, na kutoka Singida kuna nyingine inayokwenda Namanga hadi Kenya. Upepo uko karibu na waya. Wakenya wana megawati 310 za upepo kule karibu na Ziwa Turkana, sisi Singida tumeuongelea kwa zaidi ya miaka kumi. Kishapu, kule Shinyanga, angalau wameanza na sola, megawati 50 za awamu ya kwanza kati ya 150.

Kinachonisumbua mimi ni ardhi. Mnara wa upepo unasimama kwenye shamba la mtu la alizeti. Akilipwa fidia mara moja, hela inaisha kabla ya msimu wa pili, na mnara bado unazunguka. Kwa nini asilipwe kodi kila mwaka? Fundi, dada wa Kibaigwa, na ninyi wa Singida mnaosoma kimya, hapo mnasemaje?