Modeli ya masoko kwenye usalama wa programu: nimepotea?

Fundi_Kodi: Wakuu, nasoma uzamili. Nataka kutumia modeli ya Frank Bass ya 1969, ile ya watu wa masoko ya jinsi bidhaa mpya inavyoenea kwa wanunuzi, kukadiria kasi ya watumiaji kusasisha programu. Msimamizi kacheka: "Unauza sabuni?" Ofisini tuna kompyuta 40. Wiki ya kwanza walisasisha sita tu, waliobaki kila mmoja anachungulia meza ya jirani. Si ndiyo Bass hiyo?

MamaTakwimu: Ndiyo. Wachache wanaanza wenyewe, wengi wanaiga. Bass aliipima kwa majokofu, pasi za mvuke, televisheni nyeusi na nyeupe. Ila sasisho linalojisakinisha usiku halimngoji jirani, hapo mkunjo wako (ule mchoro wa kasi ya kuenea) unavunjika.

Mlinzi_wa_zamu: Tazama WannaCry, kile kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia. Microsoft ilitoa kiraka (sasisho la kuziba tundu la usalama) Machi 2017, shambulio likaja Mei, na bado mashine kibao zilikuwa wazi. Dawa ilikuwepo, haikuwa imeenea.

Fundi_Kodi: Mama, shikamoo. Nilisahau kusema, wale sita wote ni wa kitengo cha TEHAMA 😅

MamaTakwimu: Marahaba. Sasa hao walisasisha kwa amri ya bosi, mwanangu. Watoe, uhesabu upya.