Tela la flatibedi la kupanda na salfa na kushuka na shaba: pesa niiweke wapi kwanza?

Mwana_Mbozi
Wakuu habari za jioni. Nina kichwa cha Scania R420 6x4 kilichotumika, na nimepata tela la flatibedi (sakafu bapa, halina kingo) la eksel tatu lililosimama uwanjani muda mrefu. Kazi ni kupanda na salfa au kontena hadi Lubumbashi, kushuka Dar na shaba. Hela iliyobaki haitoshi kila kitu. Fundi anataka aanze kuongeza bamba la chuma kwenye chasisi na kingo za pembeni. Dereva analilia matairi. Halafu fundi huyohuyo anasema tuzibe breki za mbele za kichwa, eti gari inavuta upande. Mnasemaje?

Kitonga_Chini
Huyo fundi asiguse breki za mbele. Gari ikivuta upande ina ugonjwa: laini moja (kitambaa cha breki) imelowa oili ya hub, kitovu cha gurudumu, au slaki adjasta moja (mkono wa kurekebisha breki) imekaza na mwenzake imelegea. Atibu hilo. Ukikanyaga breki uzito unakimbilia mbele, na wewe mlima Kitonga, kule Iringa, utaukuta ukiwa na shaba mgongoni, unashuka. Eksozi breki na ritada, zinazopunguza mwendo bila kutumia breki za magurudumu, zipimwe kabla ya safari. Mlima ule unashukwa kwa gia, mguu unagusa pedali kidogo tu.

Tela lililolala: fungua hub zote, osha beringi, grisi mpya, sili mpya. Daiframu (mipira ya ndani) za chemba za breki badilisha zote hata kama zinaonekana nzima, mpira uliokaa juani haukuagi ukipasuka. Weka kabari kwenye matairi, jaza upepo kwenye mfumo wa breki, zima injini, mtu akanyage breki na wewe pita pembeni ya tela ukisikiliza. Na matanki ya upepo yafunguliwe kila asubuhi. Yakitema maji yaliyochanganyika na oili, kompresa au eadraya (kikausha upepo) imechoka.

MizaniKwanza
Kabla hujanunua hilo bamba piga hesabu. Kwa sheria ya Afrika Mashariki ya 2016, gari lako lina tani 8 mbele, 18 eksel mbili za kichwa, 24 eksel tatu za tela. Jumla 50. Kila kilo ya chuma unayoongeza unaitoa kwenye mzigo unaolipwa. Bamba liwekwe pale tu penye ufa au kutu iliyokula. Hizo 18 na 24 ni za matairi ya jozi. Tela likiwa na matairi mapana ya moja moja, kiwango kinashuka.

Lipime tupu, matanki ya dizeli yakiwa yamejaa, kila kundi la eksel peke yake. Hapo unajua kila kundi limebakiza kiasi gani.

utingo_mstaafu
Kingo za nini kwenye shaba? 😂 Mzigo wenyewe haufiki hata magotini.

Mwana_Mbozi
Asanteni wakuu. Sasa kama shaba ni fupi hivyo, si niirundike tu katikati?

MizaniKwanza
Thubutu. Kifungu kimoja kina tani mbili na kitu. Ukivisogeza mbele sana kichwa kinazidi, nyuma sana tela linazidi, na jumla inasoma vizuri kabisa. Ukikamatwa kwenye mizani ya Mpemba, karibu na Tunduma, huna foklifti ya kukusogezea, na mzigo una sili ya forodha. Vitandaze kwa urefu juu ya mihimili miwili mikuu, simama palepale wakati wa kupakia.

Kitonga_Chini
Kuhusu kufunga: soma lebo ya mkanda. Pameandikwa LC 2500 daN (mvuto ambao mkanda unastahimili), watu wanadhani umeukandamiza mzigo kwa tani mbili na nusu. Angalia STF chini yake, mara nyingi ni 300 hadi 500. Hiyo ndiyo nguvu ambayo racheti (kikazio cha mkanda) inatoa ikikazwa kwa mkono, yaani kilo mia chache. Shaba juu ya chuma chenye vumbi la salfa inateleza kama sabuni. Osha sakafu (salfa ikilowa inakula chuma pia), tandika mipira ya kuzuia utelezi, pigilia mbao mbele ya mzigo, ndipo minyororo. Kaza tena baada ya kilomita chache, inalegea.

utingo_mstaafu
Na dereva mpe matairi yake. Mapya mbele, yaliyovishwa upya yakae kwenye tela.

Mwana_Mbozi
Basi kingo nimezifuta. Kesho hub zinafunguliwa, nitaleta picha za dramu.

Kitonga_Chini
Piga na sehemu ya ndani. Kama ina ngazi ukipitisha ukucha, pima kipenyo kabla hujanunua laini.