Nipimeje chuki ya vyama wakati jina tu linataja kabila?

Mwanagenzi_KSM: Wadau, habari za jioni. Nasoma uzamili wa sayansi ya siasa. Nataka kurudia, Kisumu na Nyeri hapa Kenya, jaribio la watafiti Shanto Iyengar na Sean Westwood lililochapishwa Marekani 2015. Walimwonyesha mtu wasifu wa wanafunzi wawili, achague wa kupewa ufadhili. Mmoja kiongozi wa vijana wa Democrat, mwingine wa Republican. Wastani wa alama ni 3.5 au 4.0, kwa bahati nasibu. Takriban wafuasi 8 kati ya 10 wa vyama hivyo walimchagua wa chama chao. Mimi nikiandika Otieno (jina la Kijaluo) au Kamau (la Kikikuyu), msomaji ameshajijazia chama. Nikitoa jina, fomu inaonekana ya uongo. Na kwenye dodoso la kwanza kila mtu alinijibu "mimi simchukii mtu". Nifanyeje?

MamaSampuli: Mdogo wangu, jibu hilo lisikutie hofu. Mtu hakuambii chuki yake ukimuuliza. Mpe uamuzi wa kufanya. Mtafiti Geoffrey Cohen, 2003, aliwapa wanafunzi sera ya misaada kwa maskini akabadilisha tu chama kinachoiunga mkono. Walifuata chama, kisha wakasisitiza kwamba wameipima sera yenyewe.

Majina usiyatoe, yachanganye. Jina, chama na alama, kila kimoja kipangwe peke yake kwa bahati nasibu. Fomu moja isome: "Kamau, mwaka wa pili chuoni, B kwenye KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari), nahodha wa voliboli, katibu wa vijana wa ODM." Nyingine Kamau yuleyule awe wa UDA, chama kingine kikubwa. Hapo tofauti utakayoiona ni ya chama, maana jina halijabadilika. Ufadhili huo uite basari, watu wanaijua fomu yake. Na mwombaji awe wa chuo. Wa sekondari hapa hana kadi ya chama.

Mpiga_Hesabu: Jiandae pia kutouona upendeleo wowote. Edward Miguel, Daniel Posner na wenzao walifanya michezo ya kugawa pesa Nairobi kuelekea uchaguzi wa 2013, mtu akijua kabila la anayempa. Upendeleo wa kikabila karibu hawakuuona.

Mwanagenzi_KSM: Asante sana, mama. Chama cha mhojiwa nikiulize mwanzoni?

MamaSampuli: Hapana! Ukianza nacho umeshamwamsha hisia za chama. Kiulize siku kadhaa kabla, katikati ya maswali ya maji na barabara. Na usiulize "chama gani" tu, uliza yuko karibu nacho kiasi gani. Marekani wengi hukaa na chama kimoja hadi uzeeni. Kwetu jina UDA halikuwa kwenye kura ya 2017, na Machi 2025 UDA na ODM walitia saini makubaliano ya kushirikiana. Anayemkataa katibu wa ODM leo huenda mwaka ujao asimkatae, kwa hiyo tarehe ya kila mahojiano iandikwe. Halafu, kabla mhojiwa hajaondoka, mwambie wazi kwamba waombaji hao ni wa kubuni. Kuna mzazi atakayerudi nyumbani akingoja basari.