Volti zinapotelea wapi katika seli za jua za perovskaiti?

Muulizaji: Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Perovskaiti (fuwele inayofyonza mwanga katika seli) yenye pengo la nishati, yaani nishati ya chini kabisa ya kuifanya elektroni iwe huru kusafiri, la elektronivolti 1.6 hivi ingeweza, kwa hesabu ya nadharia, kutoa takriban volti 1.3 mzunguko ukiwa wazi, lakini seli zetu, zenye tabaka la kupokea matundu (nafasi zenye chaji chanya zinazoachwa na elektroni) upande mmoja na fulerini C60 (molekuli za kaboni zinazopokea elektroni) upande wa pili, hutoa 1.1 tu. Je, kasoro imo ndani ya perovskaiti au katika matabaka yanayoizunguka?

Jibu la kwanza: Ndugu, jambo hili linapimika, nami nakusihi upime kabla ya kubadilisha kemikali yoyote. Perovskaiti ikimulikwa kwa leza hung'aa, na kila elektroni inayoungana na tundu bila kutoa mwanga ni hasara. Mng'ao ukipungua mara 10, takriban milivolti 60 hupotea katika joto la kawaida la chumba. Pima basi utando wa perovskaiti ukiwa juu ya kioo kitupu, kisha ukiwa na tabaka la matundu peke yake, kisha ukiwa na C60 peke yake. Watafiti wa Potsdam, Ujerumani, walichapisha vipimo vya aina hii mwaka 2018, wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya hasara ilitokea pale perovskaiti inapogusana na matabaka hayo.

Jibu la pili: Naafiki, na kwa muundo ulioueleza mimi ningeanza na upande wa C60. Floridi ya lithiamu yenye unene wa nanomita 1 hivi, ikiwekwa kati ya perovskaiti na C60, huzuia sehemu ya muungano huo usiotoa mwanga. Unene huo usimamiwe kwa makini sana, kwa kuwa floridi hiyo ni kihami: ikizidi, elektroni hushindwa kupenya, na volti ulizookoa unazilipia kwa nguvu inayopungua seli inapofanya kazi.

Muulizaji: Nashukuru. Na iwapo mng'ao utabaki mzuri, lakini volti zikawa bado ndogo?

Jibu la kwanza: Hapo tazama ngazi za nishati ambazo elektroni hukaa katika kila tabaka. Ngazi ya tabaka la elektroni, yaani C60, ikiwa chini mno kuliko ile ya perovskaiti, volti zinazofika kwenye elektrodi huwa pungufu kuliko zile ambazo mng'ao uliashiria, na kutibu kasoro za uso peke yake hakutatosha. Itabidi ubadilishe tabaka lenyewe.