Mjadala: "Jambo Bwana" iliinua muziki wa Mombasa ama iliufungia hotelini?

Mpiga Besi, Kisauni

Kuna kijana ameandika kwamba bendi ya Them Mushrooms ndio waliowaharibia wanamuziki wa Pwani. Eti tangu wimbo wao "Jambo Bwana" utoke mwanzoni mwa miaka ya 1980, bendi ziliacha kutunga, zikabaki kuwaimbia wazungu salamu. Maneno haya nayasikia kila mara na siyakubali, ndio nikafungua uzi huu.

Kwanza tuupe wimbo haki yake. Kina Harrison, yaani Teddy Kalanda, Billy Sarro, George Zirro na John Katana, walikuwa na bendi hapa Mombasa tangu 1972, wakipiga katika hoteli za ufukweni. Kalanda akatunga kwa maneno yale yale ambayo mgeni hufunzwa siku anayoshuka: salamu, habari, karibu. Watu huuona wepesi ule wakadhani ni uvivu. Hebu jaribu wewe kutunga kiitikio ambacho mtu asiyejua Kiswahili atakidaka mara ya kwanza na kukiimba hadi kwao. Mwaka 1983 kundi la Boney M. wakatoa toleo lao huko Ujerumani. Hapa nyumbani Safari Sound Band na wengine wengi wakaurudia.

Nimepiga besi katika hoteli moja ya Bamburi, kwa hivyo najua kilichotufunga. Wakati wa chakula cha jioni tulivaa mashati ya kitenge ya sare, tukizunguka meza kwa meza na gitaa kavu. Basi la wageni likiingia, meneja anainua kidole tu, nasi tunaanza "Jambo Bwana" upya hata kama tumeimaliza sasa hivi. Tungo zetu zilikuwa za baadaye, wahudumu wakikunja vitambaa vya meza. Sasa hapo kosa ni la Kalanda? Mwenye mshahara ndiye aliyechagua nyimbo, na kampuni kubwa za santuri zilikuwa Nairobi. Mushrooms wenyewe walihamia huko mwaka 1987, wakafungua studio yao. Sisi tuliobaki tulikuwa na jukwaa, hatukuwa na pa kurekodi.

Binti wa Kuze

Kaka Mpiga Besi, umeandika yote hayo kuhusu muziki wa Mombasa na taarab hukuitaja! Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Zuhura Swaleh, hao walirekodiwa wapi? Assanand alikuwa na lebo yake ya Mzuri papa hapa mjini, na kanda za Mbwana Radio zilijaa kila nyumba. Kwa hivyo usituambie hapakuwa na pa kurekodi. Hapakuwa na pa kurekodi nyinyi, labda.

Tena mwimbaji wa taarab anatuzwa harusini, mkono kwa mkono, mbele ya watu wanaoelewa kila fumbo. Mimi sijui nyumba hata moja Mji wa Kale ambayo bibi harusi alitolewa kwa "Jambo Bwana". Wimbo mzuri, sikatai, lakini ni wa mgeni. Hauwezi kuinua wala kuua muziki ambao haukuwahi kuugusa.

Mtu wa Likoni

Nyote mnazunguka tu. Shida ya bendi za hoteli ilikuwa kula kwa mkono mmoja. Mwaka 1997 machafuko yalianza hapa kwetu Likoni, watalii wakakimbia. Novemba 2002 hoteli ikalipuliwa Kikambala. Baadaye ghasia za uchaguzi, kisha korona mwaka 2020. Kila mara hoteli ikipunguza watu, wa kwanza kutoka ni bendi, na wageni wakirudi unakuta nafasi ya watu sita amepewa jamaa mmoja na kinanda chenye midundo tayari. Wanamuziki waliokuwa na wasikilizaji mtaani walipona kidogo. Wengine wakauza magitaa.

Wakili wa Tudor

Kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001, utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Rekodi yenyewe inalindwa miaka 50. Angalau "Jambo Bwana" inajulikana ni ya nani. Mwimbaji Fadhili William amefariki na hadi leo watu wanagombana kama "Malaika" aliitunga yeye au mtu mwingine. Swali langu kwa Mpiga Besi: zile tungo zenu za usiku mlizisajili? MCSK, chama cha kuwakusanyia watunzi mirabaha, yaani malipo ya nyimbo zao zinapotumiwa, ipo tangu 1983.

Mpiga Besi, Kisauni

Hatukusajili. Nani angetuambia? Kwenye mkataba hakimiliki haikutajwa popote, lakini saa ya kuvaa shati la kitenge ilitajwa.

Dada wa Kuze, taarab na hoteli si nyumba mbili zisizojuana. Mushrooms walifanya kazi na mwimbaji Malika kwenye taarab, na wakamrudisha mwanamuziki mkongwe, mzee Fundi Konde, studio. Mombasa Roots, bendi ya hoteli kabisa, waliichukua ngoma ya chakacha miaka hiyo ya 1980 wakaitia besi na dramsi, na watu wa hapa wakacheza, si wageni peke yao. Kama hoteli iliua utunzi, hiyo "Disco Chakacha" ilitoka wapi?

Binti wa Kuze

Ilitoka kwa kina mama, kwenye ngoma za harusi, miaka na miaka kabla ya hao Roots kuzaliwa! Wakili, hebu tuambie, mirabaha ya chakacha anapelekewa nani?

Wakili wa Tudor

Ipo sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, na inasema haki ni ya jamii. Lakini jamii ijitokeze yenyewe idai. Mukienda kudai, Lamu nao watakuja na madai yao, na Wazanzibari wako njiani.