Karatasi ya mama mkwe: nitamfikiaje babu aliyetia sahihi kwa shoka?

BintiPangani
Habarini wakubwa kwa wadogo. Nipo Trois-Rivières, nimeolewa huku Quebec. Mama mkwe wangu ana kopo la biskuti lenye picha za arusi na karatasi moja aliyoiandika marehemu mamake kwa penseli: majina kumi na moja ya wanawake na tarehe za ndoa zao, mama kwa mama, na la juu kabisa ni Anne Cloutier. Anasema huyo ni binti wa Zacharie Cloutier, seremala wa Mortagne, kule Perche, Ufaransa, aliyefika 1634 na msafara wa Robert Giffard. Mzee hakujua kuandika, kwa hiyo pa kutia sahihi alichora shoka. Mwanangu wa darasa la tano keshasimuliwa, sasa kila daftari lake lina shoka.

Ameambiwa aeleze ukoo wake mbele ya wenzake, nami sitaki aumbuke. Nilianza na Zacharie nikawa nashuka: watoto, wajukuu, vitukuu. Siku ya tatu nikapotea kabisa. Tena kuna mwanamke ambaye baba yake hapa ana jina hili, pale ana lingine. Na ndoa moja mimi nimesoma Julai, bibi kaandika Septemba. Nimwamini nani?

MzeeWaRejista
Bibi mwamini. Umeona "7bre", sivyo? Hiyo si mwezi wa saba. Saba kwa Kifaransa ni *sept*, kwa hiyo 7bre ni Septemba, 8bre Oktoba, 9bre Novemba. Sote tumeanguka hapo.

Baba wa majina mawili naye asikutishe. Tafuta kineno "dit", yaani "aitwaye". Ni lakabu, kama mtaani mtu anavyoitwa Juma Mapengo, ila huku lakabu ilirithiwa. Wanajeshi wengi wa Carignan-Salières, kikosi cha Ufaransa kilichokuja 1665, walikuwa nazo. Mtoto mmoja anabaki na jina la ukoo, nduguye anashika lakabu.

Kosa lako kubwa ni kushuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal walihesabu wazao wa Zacharie waliofunga ndoa hadi mwaka 1800 tu wakapata watu 10,850. Utamshika yupi? Anza na mama mkwe, panda. Tafuta cheti cha ndoa, usihangaike na ubatizo, maana padri akifungisha ndoa aliandika wazazi wa pande zote mbili. Ndoa moja inakupa ngazi inayofuata. Na mwanamke aliandikwa kwa jina la kwao mpaka anazikwa, ndiyo maana karatasi ya bibi inafuatika.

Ukifika juu kazi ni nyepesi. Anne alifungiwa mkataba wa ndoa na Robert Drouin mwaka 1636, akiwa na miaka kumi (ndiyo, kumi; arusi ilikuwa mwaka uliofuata). Mabinti zake waliokua ni wawili tu, Geneviève na Jeanne. Jina la pili lisipokuwa mmoja wao, karatasi ina kasoro.

MamaBukavu
Dada, usilipie mti uliokwisha kuchorwa na watu. Mimi nililipia wa ukoo wa bwana wangu, nikakuta baba kazaliwa miaka minne baada ya mwanawe! Rejista zenyewe, vitabu vya kanisa vya ndoa na ubatizo, zinasomeka bure kwa Hifadhi ya Taifa ya Quebec, na za Mortagne kwa hifadhi ya mkoa wake, Orne. Ila ujue kanisa la Quebec liliungua 1640, rejista za mwanzo ziliandikwa upya kwa kumbukumbu za watu.

Na mtoto umsimulie pia habari ya Olivier Le Jeune. Alikuwa mtoto mweusi, mapadre Wajesuiti waliandika kwamba katoka Madagaska. Waingereza walimleta Quebec, akauzwa, akaishia kwa nyumba ya mlowezi Guillaume Couillard, akabatizwa 1633. Mwaka 1638 alifikishwa mbele ya wakubwa kwa maneno aliyoyasema yeye juu ya mtu. Naye hakujua kuandika. Alitia msalaba.

BintiPangani
Nawashukuru sana. Nimepanda ngazi tisa, zote kwa ndoa, na jina la pili ni Jeanne! 7bre nimeiona kwa macho yangu, nikacheka peke yangu saa sita usiku. Mama mkwe kapigiwa simu hapo hapo, akasema "nilikwambia".

Kwetu Pangani, bibi yangu alikuwa akitaja mababu wanne, wa tano anasema "huyo alitoka bara", basi. Hawa wenzetu wana seremala wa 1634 na shoka lake.

Ya Olivier nimemsimulia mtoto. Akauliza mamake aliitwa nani. Nikamwambia hawakuandika. Kanyamaza, halafu kachora msalaba pembeni ya shoka.

Ngazi moja imebaki, ndoa ya miaka ya 1690. Wino umevuja, jina la baba linaanza na T au F. MzeeWaRejista, nikikutumia picha utanisomea?

MzeeWaRejista
Tuma. Piga na ukurasa unaotangulia, nione padri huyo huyo anavyoandika T yake.