Nimeuziwa "betri ya aluminiamu" Kariakoo, nimeifungua, wakuu tunaibiwa mchana kweupe

Wakuu nina hasira mpaka mikono inatetemeka ila acha niandike hivyohivyo.

Nina saluni ya kiume Tabata, umeme ukikatika mteja anabaki na nusu kichwa, ndo maana nikajibana nikaenda duka moja Kariakoo nikatoa laki 8 na nusu kwa betri ya volti 12 ampea saa 100, jamaa kaniapia kabisa kwamba hii bro siyo lithiamu, hii ni aluminiamu, inajaa dakika 10 na inabeba chaji mara 3 ya lithiamu.

Miezi minne tu, mashine mbili na feni hazimalizi dakika 40. Fundi kakata mfuniko mbele yangu. Ndani kuna seli nne za lithiamu fosfeti, mitumba, stika zimebanduliwa na namba zimekwanguliwa kama kwa bisibisi, tatu zinasoma volti 3.2 ya nne 1.9. Aluminiamu yenyewe ni yale makasha ya nje ya seli!! Basi.

Na hizo dakika 10 nilitakiwa nishtuke palepale. Betri ile ni kama kilowati saa 1.2, kuijaza dakika 10 unataka zaidi ya kilowati 7, soketi yako ya ampea 13 inatoa kama 3. Hesabu ya darasa la saba hiyo.

Haya maneno wanayaokota kwenye video. Ni kweli mwaka 2015 timu ya Hongjie Dai pale Stanford, Marekani, walitoa betri ya aluminiamu inayojaa dakika 1 na ikachajiwa zaidi ya mara 7,500 bila kuchoka, nawapa heshima yao. Lakini ilikuwa volti 2 tu na wati saa kama 40 kwa kilo, wakati lithiamu ya simu yako inapita 200. Na hiyo "mara 3" ni ya ayoni (chembe yenye chaji) ya aluminiamu ikiwa peke yake, mle kwenye grafaiti (kaboni iliyomo ndani ya betri) inaingia imebebana na atomi nne za klorini, limzigo likubwa lenye chaji 1. Hili hawakwambii.

Kuna na ile gari ya umeme ya kampuni za Phinergy na Alcoa ya 2014, eti inaenda kilomita 1,600. Betri yake ni ya aluminiamu na hewa, sahani za aluminiamu zinaliwa, zikiisha unaweka mpya, huchomeki ukutani.

Kinachoniuma watu wanaacha kununua betri nzuri za lithiamu zilizopo dukani leo wakisubiri hiyo ya aluminiamu, au wanapigwa kama mimi.

Nimerudi dukani naambiwa waranti imekufa kwa sababu nimeifungua. Sasa nisingefungua ningejuaje?? Risiti ninayo, imeandikwa "aluminium" kwa mkono wake. Jumatatu naenda tena na fundi na mita yake. Uliyenunua ya hivyo tupia picha ya ndani hapa nizichapishe nimwekee mezani.